Mapigo 44 na picha inayosema "moyo umetanuka": ni mazoezi au ugonjwa?

Kocha wa Ng'ambo (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Naomba wenye ujuzi wa moyo na wa mazoezi wanisaidie katika mambo matatu. Kikundi chetu cha mbio kina watu 14, wa miaka 17 hadi 51. Tunakimbia asubuhi siku 6 kwa wiki, njia ya Kwihara kwenda na kurudi, na Jumamosi tunashika barabara ya Urambo, kilomita 20 hadi 25. Walio mbele wanafikisha kilomita 90 kwa wiki, walio nyuma 35.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 23, mwaka wa 5 sasa kwenye mbio. Alipimwa afya kwa ajili ya ajira. Mapigo 44 akiwa amekaa, presha 112/68. Majibu ya eksirei yameandikwa "moyo umetanuka kidogo". Karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mashine imechapa kwamba mapigo ni ya polepole na ukuta wa kushoto wa moyo umenenepa. Ameambiwa aache mbio. Dalili hana hata moja, na kilomita 10 anazimaliza kwa dakika 33.

Wa pili ni binti wa miaka 19. Mapigo yake ya asubuhi yalikuwa 58. Hii ni wiki ya tatu yanacheza kati ya 72 na 76, na kasi imeshuka.

Wa tatu ni mzee wetu wa miaka 51. Anasema kuna siku jioni akiwa amepumzika moyo "unaruka ruka". Akikimbia hausikii.

Hospitali wataenda, hilo halina mjadala. Ninachotaka ni vipimo na sababu, ili wakifika wajue waulize nini.

---

Dokta wa Ziwani (Kigoma)

Mwangaluka nawe kocha. Nianze na kijana, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata sisi wenye makoti meupe.

Mtu mzima aliyetulia anahitaji takribani lita 5 za damu zizunguke kila dakika. Asiye na mazoezi anazipata kwa mapigo 72, kila pigo mililita 70. Kijana wako anazipata kwa mapigo 44, kila pigo mililita 114 hivi. Lita ni zile zile, ila yeye anatumia ndoo kubwa na safari chache. Sasa wakimbize wote wawili mpaka mwisho wa nguvu zao. Mapigo ya wote yatafika 190 hivi, kwa sababu kilele cha mapigo kinafuata umri kuliko mazoezi. Wa kawaida ataishia lita 20 kwa dakika. Mwanamichezo wa daraja la juu anafika 35 na zaidi. Tofauti yote imo kwenye ukubwa wa pigo.

Ndoo inakuaje kubwa? Kitu cha kwanza kubadilika ni damu yenyewe. Ndani ya wiki mbili za mwanzo za mazoezi, majimaji ya damu, yaani plazma, yanaongezeka. Damu inayorudi moyoni ikiwa nyingi, chumba cha chini cha kushoto kinajaa na kuvutika zaidi kabla ya kusukuma. Hali hiyo ikiendelea miezi na miaka, nyuzi za misuli zinarefuka, chumba kinapanuka, na ukuta unanenepa kiasi ili uweze kubana chumba kilichokua. Vyumba vyote vinne vinakua, vya kulia pia. Mnyanyua vyuma hali yake ni nyingine: mzigo wake ni presha inayopanda ghafla, kwa hiyo ukuta unaweza kunenepa bila chumba kupanuka sana. Mgawanyo huo ulielezwa na Morganroth na wenzake mwaka 1975, na baadaye ikaonekana mpaka si mkali vile. Wapiga makasia na waendesha baiskeli hupata vyote viwili, upana na unene. (Wavuvi wa Kibirizi wanaopiga makasia usiku kucha, na wale vijana wanaosukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, ningependa sana siku moja kuiona mioyo yao kwenye eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.)

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1899 daktari wa Sweden, Henschen, aliwapima watelezaji wa theluji kwa kugonga kifua kwa vidole tu, akasema mioyo yao ni mikubwa na inafanya kazi vizuri. Eksirei ilikuwa changa mno, na eko haikuwapo.

Kuhusu upole wa mapigo: sehemu yake ni neva ya vagus, inayoufunga moyo breki mtu akipumzika. Zamani tulifundishwa ni hiyo tu. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba hata kituo chenyewe kinachoanzisha umeme wa moyo hubadilika kwa mazoezi. Vyovyote iwavyo, mwanamichezo asiye na dalili anaruhusiwa kushuka mpaka 30 bila kuitwa mgonjwa, na 44 iko mbali na hapo. Tena kuna faida: mishipa inayoulisha moyo wenyewe hupitisha damu zaidi wakati moyo umelegea. Kwenye mapigo 72 kila mzunguko ni sekunde 0.83. Kwenye 44 ni sekunde 1.36, na nyongeza karibu yote inakwenda kwenye kulegea.

Sasa karatasi zake. Eksirei mwambie aichukue picha yenyewe, asiridhike na maandishi. Wapime kwa rula upana wa moyo pale ulipo mpana zaidi, wagawanye kwa upana wa ndani wa kifua. Ikizidi nusu ndipo tunasema umetanuka. Ila hesabu hiyo inakubalika tu kama picha ilipigwa mtu akiwa amesimama, miale ikitokea mgongoni, na amevuta pumzi ndani kabisa. Ikipigwa kwa mbele, au amelala, au pumzi nusu, moyo wowote unaonekana mpana. Hilo ndilo kosa la kwanza kulitafuta. Na hata kama picha ni nzuri, mkimbiaji wa miaka 5 kuzidi nusu kidogo si ajabu, kwa sababu eksirei inaona kivuli tu, haiwezi kujua ukuta ni mnene au chumba ni kipana.

ECG: mashine inasoma kwa vipimo vya watu wa kawaida. Iombwe isomwe upya kwa vigezo vya wanamichezo vya kimataifa vya 2017. Kwa vigezo hivyo, mapigo ya polepole, mawimbi marefu yanayoashiria ukuta mnene (yakiwa peke yake, bila kasoro nyingine), na nafasi ya PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu mpaka vya chini) kupita visanduku vidogo 5 vya karatasi ni kawaida. Kama kuna shaka juu ya PR au pigo linalodondoka baada ya nafasi kurefuka polepole, kuna jaribio la bure: apande na kushuka ngazi dakika 2, arudi kitandani, mashine ipigwe tena. Mapigo yakipanda na PR ikafupika, ilikuwa breki ya vagus. Mapigo yakigoma kupanda, au mapigo mengine yakidondoka bila PR kurefuka kwanza, hapo tunazungumza habari nyingine.

Na hili liandike kwenye daftari lako: kwa wanamichezo wenye asili ya Afrika, mawimbi ya T (alama ya moyo kujiandaa upya kwa pigo lijalo) kupinduka kwenye V1 mpaka V4 (vituo vya kupimia vilivyo kifuani), yakitanguliwa na mstari wa ST ulionyanyuka kama mgongo wa kobe, vigezo vya 2017 vinayahesabu kuwa kawaida. Wengi wamesimamishwa michezo bure kwa hilo. Yakipinduka V5 na V6, au mstari wa ST ukishuka chini, si kawaida kwa mtu yeyote, mweusi au mweupe, hata kama anajisikia simba.

Kwa uliyoyaandika sioni sababu ya kumfungia mbio maisha. Asishindane wala asikimbie kwa nguvu zote mpaka ECG isomwe upya na eko ifanyike mara moja. Mwulize pia swali ambalo fomu za ajira hazina: kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, hata kwa "kuzama" au "kurogwa"?

---

Mpima Eko (Tabora)

Dokta amemaliza sehemu kubwa, naongeza namba za eko kwa sababu majibu huwa yanakuja na milimita bila maelezo.

Ukuta wa kushoto wa mtu mzima wa kawaida haupiti milimita 11 au 12. Mwanamichezo wa kiume anaweza kufika 13. Kati ya 13 na 15 ni eneo la kijivu, na kuanzia 15 tunafikiria kwanza ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa wa kurithi. Kwa watu wetu eneo la kijivu lina wakazi wengi zaidi: utafiti wa Uingereza wa 2008 ulikuta ukuta unaozidi milimita 12 kwa asilimia 18 ya wanamichezo weusi, na asilimia 4 ya weupe. Kwa wanawake ni tofauti: ukuta ukizidi 12 usiusingizie mazoezi haraka.

Milimita za ukuta peke yake hazitoshi, tazama upana wa chumba kwenye karatasi ile ile. Ukuta 13 na chumba 56 au 58, huyo anafanana na mkimbiaji. Ukuta 13 na chumba 43, hapana, mazoezi ya stamina hayanenepeshi ukuta huku yakikibana chumba. Kisha muulize mpimaji namna misuli inavyolegea. Moyo wa mazoezi unalegea haraka na kunyonya damu vizuri; moyo mgonjwa ni mgumu, unachelewa kulegea hata kama unasukuma kwa nguvu. Majibu mengi huandika nguvu ya kusukuma tu, na hiyo ndiyo inayodanganya: mwanamichezo akiwa amelala anaweza kusomeka asilimia 50 hadi 55, karibu na mpaka wa chini, kwa sababu chumba ni kikubwa na hahitaji kukikamua chote. Mkimbize kidogo, umpime tena, utaona inavyopanda.

Zikigoma kuamua, kuna njia ambayo wakimbiaji wanaichukia: apumzike kabisa, pimeni tena baada ya miezi 3. Ukuta ulionenepa kwa mazoezi hurudi nyuma. Wa ugonjwa unabaki.

Jambo moja kwa vijana wa huku: mpimaji aziangalie valvu kwa makini. Homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayofuata koo kuuma bila kutibiwa, huacha valvu ikivuja, na valvu inayovuja hutanua chumba kama mazoezi yanavyotanua. Kwa macho ya eksirei havitofautiani. Eko isipopatikana kwa urahisi, waulizie hospitali ya rufaa ya mkoa lini timu ya JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete) inafika. Wana utaratibu wa kutoka Dar es Salaam kuja mikoani.

---

Mpita Njia

Wakuu samahani, ila si inasemekana moyo una idadi yake ya mapigo, ukiumaliza kwa mbio ndiyo basi?

---

Dokta wa Ziwani (Kigoma)

Hata ingekuwa kweli, hesabu inamsaidia mkimbiaji. Mapigo 72 kwa dakika 1,440 za siku ni 103,680. Mkimbiaji akikimbia dakika 90 kwa mapigo 150 ametumia 13,500. Saa 22 na nusu zilizobaki, tuseme wastani wa 55, ni 74,250. Jumla 87,750. Ametoka na akiba ya karibu mapigo 16,000, na ni siku moja tu hiyo.

---

Nesi wa Ujiji

Binti mmemruka, na kwangu huyu ndiye wa haraka kuliko kijana. Mapigo yaliyoshuka kwa mazoezi hayapandi pigo 15 bila sababu.

Kwanza hakikisheni mnapima sawa. Akiamka, kabla hajainuka kitandani, kabla ya simu. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kidole gumba kisitumike, kina mapigo yake. Ahesabu dakika nzima. Aandike kila siku, na alinganishe na wastani wa siku 7 zake mwenyewe, asilinganishe na mwenzake. Yakipanda 7 hadi 10 juu ya wastani kwa asubuhi 3 mfululizo, kuna kitu.

Kwa binti wa miaka 19 wa Tabora, nitaanza na damu. Fanya hesabu hii. Gramu 1 ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Akiwa na himoglobini 13 (gramu kwa kila desilita, yaani 130 kwa lita), kila lita 5 zinabeba mililita 870 hivi. Ikishuka 9, lita 5 zile zile zinabeba 600 hivi. Ili mwili upate ile ile, moyo usukume lita 7 na kitu badala ya 5. Ndoo haikui kwa wiki tatu, kwa hiyo safari zinaongezeka. Huenda hayo ndiyo mapigo 74 mnayoyaona, na ndiyo maana kasi imeshuka.

Apimwe himoglobini. Kwa mwanamke chini ya 12 ni upungufu, kwa mwanaume chini ya 13. Mkimbiaji anaweza kusoma chini kidogo kwa sababu plazma imeongezeka na kuizimua damu, lakini kuzimuliwa hakupandishi mapigo wala hakushushi kasi, kwa hiyo msijifariji nako. Siku hiyo hiyo apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, choo kwa ajili ya minyoo ya safura, na ujauzito. Ndiyo, ujauzito, aulizwe faragha na nesi wa kike, si mbele ya kikundi. Damu ya mwezi ikiwa nyingi, aseme anabadilisha pedi ngapi kwa siku. Vyote vikiwa safi, waangalie tezi la shingo, halafu ndipo muulize anakula nini. Anayekimbia kilomita 60 kwa wiki kwa chai na andazi asubuhi anakula deni.

Akipewa vidonge vya madini ya chuma, ameze na maji au juisi ya chungwa. Chai isikaribie saa moja kabla na saa mbili baada, inazuia chuma kufyonzwa. Maharage, dagaa na maini ni vizuri, ila upungufu ukishafika, chakula peke yake kinachukua muda mrefu mno.

Kanuni ya homa haina ujanja: mwenye homa hakimbii, hata mchakamchaka mwepesi. Virusi vinavyoleta mafua na homa mara nyingine hushambulia misuli ya moyo, na kukimbia juu ya moyo uliovimba ndiyo njia mojawapo vijana wazima wanavyokufa. Ikithibitika misuli ya moyo ilivimba, ni miezi 3 hadi 6 bila mbio, na vipimo kabla ya kurudi.

Na kwa kuwa tuko kanda ambayo selimundu ni nyingi: anayebeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida ni mzima na anaruhusiwa kukimbia, ila msimpe mbio fupi za nguvu mfululizo kwenye joto wiki ya kwanza. Apandishwe polepole, anywe maji, na akisema misuli imelegea na inauma, aache saa hiyo hiyo.

---

Kilimani Mwanga (Kigoma)

Mie niko upande wa kuupa moyo mzigo sahihi, maana vikundi vingi vinakosea hapo. Kila asubuhi wanakimbia kasi ya kati: nzito mno kwa kujenga, nyepesi mno kwa kunoa.

Kilele cha mapigo: 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 ni 180. Ni makadirio, mtu anaweza kutofautiana pigo 10 juu au chini, usimfukuze mtu kwa namba hiyo. Toa mapigo ya asubuhi, tuseme 60, inabaki 120. Mbio nyepesi ni asilimia 60 hadi 70 ya hizo 120, kisha rudisha 60 juu yake: 132 mpaka 144. Kijana wa mapigo 44 akipata ruhusa, kwake itatoka 133 hadi 148. Hana saa ya mapigo? Azungumze. Akiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, yumo. Akiweza kuimba, ni polepole mno. Mazoezi manne kati ya matano yawe hapo.

La tano liwe la kukuza pigo lenyewe. Dakika 4 kwa asilimia 90 hadi 95 ya kilele, dakika 3 za kukimbia taratibu, rudia mara 4. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2007 kwamba mpango huu mara 3 kwa wiki, wiki 8, ulikuza ujazo wa pigo kwa takribani asilimia 10. Mara 3 ni nyingi kwa mtu mwenye kilomita 90, moja inatosha. Huku kwetu kipande cha kutoka stesheni kupanda Mwanga kinafanya kazi hiyo bila kuhitaji uwanja. Tabora hamna milima, tumieni saa. Kosa la kawaida ni kutoka mbio kama wanafukuzwa, dakika ya pili wamekwisha. Dakika ya kwanza mapigo hayajafika kileleni, na ni sawa.

Joto nalo lina hesabu. Kasi ile ile ya saa 12 asubuhi, ukiikimbia saa 4 jua la Oktoba la Tabora, mapigo yatapanda kidogo kidogo bila kasi kuongezeka. Jasho limechukua plazma, na damu nyingine imekwenda kwenye ngozi kupoza mwili. Inayorudi moyoni ni chache, ndoo haijai, safari zinaongezeka. Hapo fuata mapigo, achana na kasi. Jipime uzito kabla na baada: mtu wa kilo 60 asipoteze zaidi ya kilo 1.2. Akirudi mzito kuliko alivyotoka, amekunywa maji kupita kiasi, na chumvi ya damu ikizimuliwa sana inaua pia. Mbio ndefu changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kipimo cha mwisho, cha bure: mwisho wa mbio kali hesabu mapigo, tembea taratibu dakika 1 kamili, hesabu tena. Waliojengeka hushuka 30 na zaidi. Asiyeshuka hata 12, hasa mtu mzima, mpeleke akaonwe.

---

Kocha wa Ng'ambo (Tabora)

Shukrani wakuu. Kijana nimemwonyesha, picha ya eksirei kwa maelezo yake ilipigwa akiwa amelala. Binti anapima damu kesho. Mzee je? Anasema akikimbia hasikii kitu, kwa hiyo anaona mbio ndiyo dawa yake.

---

Dokta wa Ziwani (Kigoma)

Mzee ana uwezekano wa aina mbili. La kwanza ni mapigo ya ziada yanayojitokeza moyo ukiwa wa polepole na kupotea ukiharakishwa. Hayo kwa kawaida hayana madhara. La pili ni vyumba vya juu kutetemeka badala ya kubana, na kwa wanaume wa makamo waliokimbia miaka mingi huanza hivyo hivyo: jioni, baada ya mlo, au usiku, vagus ikiwa imeshika breki. Kwa nini wao? Chumba cha juu cha kushoto kina ukuta mwembamba, na miaka ya kujazwa damu nyingi hukitanua na kuacha makovu madogo yanayovuruga umeme.

Watafiti wa Sweden waliwafuatilia washiriki 52,755 wa Vasaloppet, mbio za kuteleza kwenye theluji za kilomita 90, wakakuta waliomaliza mara nyingi na waliokuwa na kasi zaidi ndio waliolazwa zaidi kwa mapigo yasiyo na mpangilio. Msiitafsiri vibaya: washiriki wa mbio hizo hizo kwa jumla walikuwa na vifo vichache kuliko raia wenzao. Dozi ya kuongeza uhai ni ndogo kuliko wakimbiaji wanavyodhani, Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Zaidi ya hapo mtu anakimbilia medali au furaha, na ni haki yake.

Afanye hivi. Moyo ukiruka, ashike mapigo dakika nzima. Mpangilio ukiwa sawa na pigo moja moja linapotea, aandike saa. Ukiwa ovyo kabisa, hakuna pigo mbili zenye nafasi sawa, aende siku hiyo hiyo akapigwe ECG wakati bado unaendelea. Ya kesho yake itakuwa safi na haitamsaidia. Damu inayotuama kwenye chumba kinachotetemeka huganda, bonge likipanda kichwani ni kiharusi, ndiyo maana hatungoji. Wakati huo huo apimwe presha, sukari na tezi. Aulizwe pombe pia, maana usiku mmoja wa kunywa sana unatosha kuanzisha hali hiyo.

Na kuna jambo ambalo halisikiki kwa kuruka. Baada ya miaka 35, anayeanguka ghafla mbioni mara nyingi ni mishipa ya moyo iliyoziba. Ni nadra: Marekani, kati ya washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010, mioyo iliyosimama ilikuwa 59. Lakini kifua kubana mlimani na kuachia akisimama, au taya na mkono kuuma, au kuchoka ghafla kwa kasi aliyoizoea, asikimbie tena mpaka aonwe. Vilevile kuzimia. Aliyevuka mstari, akasimama ghafla akadondoka, mara nyingi damu imebaki miguuni: mlaze, inua miguu. Aliyedondoka *katikati* ya mbio ni mgonjwa wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

---

Nesi wa Ujiji

Na huyo wa katikati asipoitika na hapumui sawasawa, msimmwagie maji. Kukoroma au kutweta mara moja moja si kupumua. Mlaze chali pagumu, kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka, bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, achia kifua kirudi juu kila mara. Badilishaneni kila dakika 2, mwingine akitafuta gari. Kikundi cha watu 14 kinaweza kumbonyeza mtu mpaka hospitali bila kusimama, mkishajizoeza.

Nyongeza kwa Kilimani: mapigo ya baada ya mbio wasihesabu dakika nzima kama ya asubuhi, yanashuka wakati unahesabu. Sekunde 15, zidisha kwa 4, kwenye kifundo. Wanaoshika shingoni wabonyeze upande mmoja tu, taratibu, maana kubonyeza pale peke yake kunashusha mapigo, na mtaandika namba nzuri ya uongo.